Fungu la Aliyepotea

Mhadhara kuhusu riwaya ya vijana na mtoto anayerudi kwao, uliotolewa Ole, Pemba



Wazee wetu, walimu wenzangu, mama zetu mlioacha shughuli za jioni mkaja kukaa nasi, na nyinyi wanafunzi wa skuli ambao hasa ndio niliokuja kusema nanyi.

Nimeombwa nizungumze juu ya riwaya ya vijana, nami nimechagua kisa kimoja tu. Mtoto amepotea, miaka imepita, siku moja anarudi kwao. Kila mtu anakijua kisa hiki, na labda ndiyo sababu huandikwa kwa uvivu. Mwandishi humtoa mtoto nyumbani mwanzoni, humzungusha na kumtesa kurasa mia na ushei, kisha katika kurasa tatu za mwisho humfikisha mlangoni. Mama anapiga ukelele, majirani wanajaa uwanjani, basi, kitabu kimekwisha. Nami msomaji nabaki na maswali yangu yote. Usiku ule analala wapi? Kitanda chake kina nani? Shamba la babu lilipogawiwa, yeye alihesabiwa au hakuhesabiwa?

Swali hilo la mwisho ndilo nitakalokaa nalo leo. Naamini kisa cha mtoto aliyerudi ni kisa cha waliobaki, na kipimo cha waliobaki si machozi yao. Ni fungu walilomwekea.

Wengi wenu mmesoma faraidhi chuoni, nami si shekhe, kwa hivyo nitaigusa pale tu inapomhusu mtunzi wa hadithi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtu aliyepotea pasi na habari mali yake haigawiwi. Husubiriwa mpaka upatikane ushahidi wa kifo chake, au upite muda ambao kwa kawaida mtu kama yeye hawezi kuwa bado yu hai, na kadhi ahukumu hivyo. Hapo ndipo warithi waliopo siku ya hukumu wanapogawana. Imamu Nawawi ameyaweka haya wazi katika Minhaj, kitabu ambacho darsa nyingi za mwambao wetu zimekisomesha. Na akifa baba hali mtoto wake hajulikani alipo, wenziwe hupewa kile kisichobadilika, mwenzao akiwa hai au akiwa amekufa, na fungu la yule aliyepotea huzuiwa. Kuhusu mke wa aliyepotea maimamu wamehitilafiana. Kauli mpya ya Imamu Shafi inataka yakini kabla ya mke kuolewa tena. Kauli yake ya kale, inayokwenda sambamba na ya Imamu Malik, inampa miaka 4 ya kusubiri, kisha eda ya miezi 4 na siku 10.

Sasa iangalieni sheria hii mkiwa na kalamu mkononi. Ndani ya nyumba yupo mtu asiyekuwepo, na mtu huyo ana mali. Wanaomlilia ndio hao hao wanaoishika mali yake. Ukinipa hayo mawili, sihitaji jambazi wala mchawi ili nipate riwaya.

Tena tuko Pemba, na hapa Ole mali inayozungumzwa ni mikarafuu. Mikarafuu hurithiwa mti kwa mti, huyu miwili, yule mitano, na mara nyingine mwenye miti si mwenye ardhi. Nayo haisubiri hukumu ya kadhi. Karafuu ikipitwa na wakati wake inachanua, na ikichanua thamani yake imekwenda. Kwa hivyo lazima apatikane mtu wa kuichuma miti ya mtoto aliyepotea. Tuseme ni ami yake. Anaweka wachumaji, zinachambuliwa makonyo, zinaanikwa kwenye majamvi, zinabebwa hadi kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zinapimwa, anapewa fedha taslimu. Mwaka wa kwanza anazifunga kando na kumwambia mkewe, hizi za mtoto. Mwaka wa tatu msimu mbaya, paa linavuja, anakopa humo humo kwa nia ya kurejesha. Mwaka wa saba mwanawe anaposa, na hakuna tena anayezitaja. Ami huyu si mwizi. Anasali jamaa, anachangia maziko, watu wanamwamini. Ndipo siku moja gari inasimama njia kuu, anashuka kijana wa miaka kumi na saba mwenye uso wa marehemu kaka yake.

Mtu wa kwanza kufurahi ni ami, na mtu wa kwanza kuogopa ni ami. Mwandishi atakayeziweka furaha na hofu hizo katika sura moja, bila kuibeza hata moja, nitakinunua kitabu chake na kuwanunulia wengine.

Kisa kikongwe kuliko vyote tulivyonavyo juu ya mtoto aliyepotea nyinyi mnakihifadhi kwa moyo, nacho ni Sura Yusuf. Ndugu wanamtia kisimani, wanarudi jioni na kanzu yenye damu ya uongo na habari ya mbwa mwitu. Msafara unamwokota na kumuuza kwa dirhamu chache. Watoto wadogo husisimkwa na kisima, jela na ndoto za mfalme. Mimi nilipokua nilivutwa zaidi na nyumba ya Yaakub. Miaka yote ile wanaume wale wanakula sahani moja na baba yao, na kila siku uongo wao unakaa nao mkekani. Baba hajawasadiki wala hajawafukuza. Analia mpaka macho yanakuwa meupe, na wao ndio wanaomwambia atajidhuru kwa kumtaja Yusuf. Naona hapo ndipo penye moto wa kisa, watu waliobaki kuchoshwa na huzuni ambayo wao wenyewe wameisababisha. Na angalieni jambo jingine, Yusuf harudi. Nyumba nzima ndiyo inayomfuata Misri, na wale ndugu wanakiri kosa lao kwa ndimi zao kabla ya kusamehewa. Msamaha unakuja baada ya hesabu kufungwa.

Mzanzibari mwenzetu Abdulrazak Gurnah alilichukua jina hilo hilo katika riwaya yake ya Paradise ya mwaka 1994, ambayo tangu 2022 inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf wake ana miaka kumi na miwili anapochukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe ni rehani ya deni la baba yake. Kwao haoni tena. Lakini riwaya ninayotaka mwalimu yeyote wa fasihi aisome ni Afterlives, iliyotoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla Gurnah hajapewa Tuzo ya Nobel. Humo yumo Ilyas. Alitoroka kwao akiwa mdogo, akaangukia mikononi mwa askari wa Kijerumani, akasomeshwa misheni, akawa kijana nadhifu mwenye kazi ya karani. Anarudi kijijini mapema kabisa katika kitabu. Wazazi wamekufa. Ana mdogo wake wa kike, Afiya, ambaye amepewa watu wengine, na watu hao wanamtumikisha.

Gurnah hapotezi muda na kilio cha mlangoni. Ilyas anamchukua mdogo wake, anamfundisha kusoma na kuandika, wanaishi pamoja muda mfupi wa raha ambao msomaji tayari anauonea wasiwasi. Kisha vita vya 1914 vinakuja, na Ilyas, aliyelelewa na Wajerumani, anajiandikisha kuwapigania. Afiya anarudishwa kwa watu wale wale. Yule aliyemwita ami anapogundua kwamba mtoto anajua kuandika, anampiga mpaka anamvunja mkono. Kwa hiyo kurudi kwa Ilyas, jambo ambalo mwandishi mvivu angelifanya tamati yenye furaha, kumemwachia mdogo wake mkono uliovunjika. Ilyas mwenyewe anapotea mara ya pili, na zamu hii ni miaka mingi baadaye ndipo mpwa wake, aliyepewa jina lake, anagundua huko Ujerumani kwamba mjomba aliishia katika kambi ya Sachsenhausen.

Nimekaa hapo kwa sababu kuna funzo la ufundi. Aliyerudi anaweza kuwa na makosa. Kuteseka ugenini hakumfanyi kuwa malaika, na huenda ana upenzi na mahali kule kulikomlea ambao sisi wa nyumbani unatuudhi. Vijana wengi wanaoandika hawathubutu kuligusa hilo. Gurnah alithubutu, na yeye mwenyewe alijua anachosema. Aliondoka Zanzibar katika miaka ya sitini akiwa kijana, na mpaka 1984 ndipo alipoweza kurudi kuitembelea na kumwona baba yake, muda si mrefu kabla mzee hajafariki.

Kuhusu suala la mali, aliyetangulia kuliona ni Mohammed Suleiman Mohammed katika Nyota ya Rehema, iliyotolewa mwaka 1976. Rehema ni mtoto aliyekataliwa na baba yake, akaikimbia nyumba ile. Baba na binti wanapokuja kupatana, kinachozungumza ni shamba. Baba huyo, Fuad, anampa, Rehema na mumewe Sulubu wanalilima mpaka linazaa, na mzee anapokufa jamaa wanalidai, kwa kuwa aliyelitoa hakuacha maandishi. Damu inamwagika. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni riwaya ya ubaguzi wa rangi, na ni kweli ndivyo ilivyo. Lakini ukiisoma ukiwa mtu wa shamba unaona kuwa ubaguzi ule ungebaki maneno matupu kama usingepata karatasi ya kushikia. Said Ahmed Mohamed naye katika Utengano, 1980, alimtorosha Maimuna kutoka nyumba ya baba aliyemfungia ndani, na akahakikisha kwamba mwenye kesi ya kujibu ni baba. Na marehemu Ken Walibora katika Siku Njema, 1996, aliigeuza safari yenyewe, mtoto wa Tanga akavuka kwenda Kenya kumtafuta mzazi.

Msidhani hesabu za mali ni maradhi ya Pemba peke yetu. Mwaka 1548 mkulima mmoja wa kijiji cha Artigat, Ufaransa, aitwaye Martin Guerre, aliondoka akamwacha mke na mtoto mchanga. Baada ya miaka minane akatokea mtu anayesema ndiye yeye. Mke akampokea, dada zake wakampokea, hata ami yake Pierre akampokea. Wakaishi vizuri. Ugomvi ulianza pale mgeni yule alipomdai ami hesabu ya mali aliyoishika wakati yeye hayupo. Hapo ndipo ghafla ami akaanza kuona kwamba huyu si Martin. Kesi ikafika mahakama ya Toulouse, na majaji walikuwa karibu kumpa ushindi mgeni, mara Martin wa kweli akaingia, mguu mmoja wa mti. Tapeli alinyongwa mwaka 1560. Kitu kinachonikaa kichwani ni kwamba ami alikuwa na haki, mtu yule alikuwa mwongo kweli, ila kilichomfumbua macho ni mfuko wake.

Kwa upande wa pili wa mizani yuko mama wa Saroo Brierley. Saroo alipotea India mwaka 1986 akiwa na miaka mitano, treni ikamchukua mpaka Calcutta, akaasiliwa na wazazi wa Tasmania, Australia. Alikua, akakaa usiku mwingi akitafuta kwenye ramani za setelaiti kituo cha reli alichokikumbuka, na mwaka 2012 akafika kwao. Mama yake alikuwa bado anaishi mtaa ule ule. Hakutaka kuhamia mbali, mtoto asije akarudi asimkute. Huyu hakuwa na shamba wala karafuu. Fungu alilomwekea mwanawe ni anwani.

Sasa tuje nyumbani. Mtoto wa Pemba anapoteaje?

Wa kiume mara nyingi anapotelea baharini, nami sisemi kuzama. Anafuata wavuvi dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini, anasema ni likizo tu, anavuka na upepo kwenda Tanga, Shimoni, Watamu. Dago la mwezi linakuwa la mwaka. Wapemba wamekuwa wakivuka hivyo vizazi na vizazi, wengine kwa samaki, wengine kwa siasa, kama wale waliokimbilia Shimoni baada ya machafuko ya Januari 2001. Walioselelea mwambao wa Kenya waliishi muda mrefu bila uraia, mpaka serikali ya kule ilipowatambua rasmi mwaka 2023. Mfikirie kijana aliyekulia huko, hana cheti cha kuzaliwa cha upande wowote, anasimama mbele ya sheha wa hapa akisema mimi ni mtoto wa fulani. Sheha ataandika barua kwa ushahidi gani? Kovu? Jina la mbuzi waliyekuwa wakimfuga? Hiyo peke yake ni sura nzima, na inaweza kuwa ya kuchekesha, maana vijana wanapenda kucheka na waandishi wetu wamewasahau kwa hilo.

Wa kike anachukuliwa na jamaa, aende mjini akasome. Wote tunajua baadhi yao wanasoma nini huko. Wanasoma sufuria na nepi za watoto wa wenyewe. Na kwa kuwa kachukuliwa na jamaa, hakuna anayesema kapotea. Hilo nawaachia wasichana waliopo hapa waliandike, naamini wanalijua kuliko mimi.

Kuna na jibu letu la kale, kwamba mtoto kachukuliwa na wasioonekana. Sitalicheka. Wazee wanaolisema wana huzuni ya kweli. Lakini mwandishi aulize jibu hilo linamsaidia nani. Mtoto akiwa kachukuliwa na majini, hakuna atakayeuliza alipigwa na nani usiku ule kabla hajatoka. Anaporudi kwa miguu yake, na kivuli chake kinaonekana, swali hilo linarudi naye.

Kisha kuna upotevu ambao siwezi kuupita mbele ya watu wa kisiwa hiki. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja Wete, imejaza watu kupita kiasi, familia zinarudi baada ya Idi. Maiti zilizopatikana ni chache kuliko waliokosekana, na waliokosekana ni wengi sana. Nyumba ngapi hapa karibu zilibaki bila kaburi la kuzuru? Kila nilichosema juu ya yakini, eda na fungu lililozuiwa, kwenu hakikuwa somo la kitabu. Kwa hiyo nasema hili wazi. Atakayemrudisha mtoto kutoka meli ile katika riwaya, ili kuwaliza wasomaji, mimi sitamsoma. Kuna mama ambao bado wanaliangalia lango. Hadithi ina haki nyingi, lakini haina haki ya kuwapa watu hao tumaini la uongo kwa bei ya kitabu.

Nikirudi kwa vijana. Mkitaka kuandika riwaya hii, ushauri wangu wa kwanza ni huu: msimfanye aliyerudi kuwa msimulizi. Mpeni kazi hiyo mdogo wake, hasa yule aliyezaliwa baada ya mwenzake kupotea. Huyu amelala katika kitanda cha mtu asiyemjua, amevaa nguo zake, amelinganishwa naye kila alipokosea. Maisha yake yote kaka huyo alikuwa mzuri kwa sababu hakuwepo. Sasa yupo, anakoroma, anasema Kiswahili cha Mombasa, anakula haraka haraka kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Msomaji wa miaka kumi na nne ataielewa nyumba hii mara moja, hata kama kwao hajapotea mtu.

La pili, waacheni watu wa Ole waseme Kipemba chao. Mhariri wa Dar es Salaam au Nairobi atataka kuwanyooshea maneno. Bishaneni naye. Bibi wa riwaya yenu asizungumze kama msomaji wa taarifa ya habari.

La tatu ni zito kidogo. Jifunzeni mambo yanavyokwenda. Nendeni mkakae na mtu aliyewahi kupeleka mirathi Mahakama ya Kadhi, mjue karatasi gani huulizwa, nani hukaa benchi la nje akisubiri, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana huingia wapi. Jueni gunia la karafuu linavyopimwa na nani hutia sahihi. Riwaya nyingi za vijana zina hisia za kutosha, zinachokosa ni stakabadhi.

Na nitawaachia kazi moja, kwa sababu mwenyekiti ananionyesha saa. Yule kijana wetu aliyeshuka njia kuu amekwisha kutambuliwa. Sheha ameandika, bibi amelitambua kovu, miti yake mitano amerudishiwa, na ami ameitoa mwenyewe mbele ya watu bila kusukumwa. Limebaki suala la karafuu za misimu yote aliyokosekana, zilizochumwa, zikauzwa, zikaezekea paa na kumuoza binamu. Mdogo wake anaijua hesabu, maana ndiye aliyekuwa akishika daftari tangu alipojua kuandika. Daftari liko chini ya godoro. Ami anajua liko hapo. Kaka hajui kama lipo. Na kesho asubuhi wote watatu wanakwenda mjini Chake kwa kadhi, katika gari moja. Andikeni safari hiyo, kutoka hapa mpaka mlango wa mahakama, kisha mniletee nisome.